Karatasi Ilitoka Kavu

Unywele mmoja unatosha. Mzungu aliyenifundisha kazi ile aliniambia hivyo siku ya kwanza, na kwa siku mbili nzima hakuniambia jambo jingine la maana, kwa sababu alikuwa mtu wa kununa, na alishangaa bila kuficha kwamba ofisi imempa mwanafunzi mwanamke. Unywele mmoja ukilala juu ya ringi ya mpira, alisema, maji yanapita hapo hapo na kamera imekufa. Maji hayasikii pole.

Nilikuwa msafisha picha katika ofisi ya utafiti wa madini pale Shinyanga, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, wakati sabuni ilikuwa ya foleni na dawa ya meno tumeshaisahau. Nilianza kama mpiga chapa, nikapanda kwa ubishi wangu mwenyewe mpaka chumba cha giza, na wapo waliokuwa wakisubiri kwa hamu niteleze nirudi kwenye taipureta. Mkuu wetu wa kazi alikuwa mmoja wao. Alikuwa na sauti ya upole, mashati yamenyooka, na roho mbaya ya kimya kimya. Yangu ilikuwa ya kelele. Watu wa ofisini walinikwepa asubuhi mpaka ninywe chai, na mimi nilijisifu kwa hilo, mjinga mimi.

Sanduku la kuzamishia kamera lilikuwa la alumini, zito, lina dirisha la kioo mbele na mfuniko unaobanwa kwa vibanio vinne. Kati ya mfuniko na sanduku inakaa ile ringi, ndani ya mfereji wake. Kamera inafungiwa humo, mzamiaji anashuka nalo. Kulikagua kabla hajazama ni kazi ya nusu siku ukiifanya kwa haki. Unatoa ringi unaivuta taratibu kati ya vidole huku umefumba macho, maana kidole kinaona mchanga ambao jicho halioni. Unafuta mfereji kwa pamba. Unapaka grisi yake maalumu kidogo sana, ing'ae tu. Kisha unalifunga bila kamera, na ndani unaweka karatasi kavu iliyochorwa mistari kwa penseli ile ya ofisini ambayo ikilowa inageuka zambarau. Unalizamisha kwenye pipa la maji, unalikandamiza kwa mawe, unakaa nusu saa ukitazama mapovu. Ukilitoa unalikausha nje mpaka kwenye vibanio, unalifungua likiwa limeinama ili tone la nje lisiingie ndani ukajidanganya. Halafu unasoma karatasi. Doa moja la zambarau, hata liwe dogo vipi, humpi mtu sanduku.

Ndiyo kazi niliyoifanya Geita. Mgodi wa zamani ulikuwa umefungwa miaka mingi, mashimo yamejaa maji, na wakubwa walitaka kujua kama ngazi na magogo ya shimo kuu bado yamesimama. Tulikwenda watu wanne kwa Landrova: mkuu, dereva, mimi, na mzamiaji tuliyemwazima kutoka Mwanza, kijana wa bandarini, mcheshi, aliyekuja na mitungi miwili ya hewa. Mitungi hiyo kujazwa tena ilikuwa Mwanza tu. Kwa hiyo alikuwa azame mara moja, na ya pili iwe ya dharura.

Asubuhi ya kwanza tulimkuta mwanamke amekaa kwenye ukingo wa shimo, ana kanga mbili na kandambili za matairi. Hakuomba chai wala kazi. Alimwamkia mkuu, akaniamkia na mimi ingawa tulikuwa rika moja, kisha akasema kwamba mume wake yumo humo ndani.

Habari yake tuliipata kwa vipande, sehemu kwake na sehemu kwa wengine. Mume wake alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wakishuka kwa ngazi za zamani kugonga kuta na kuokota mawe yenye dhahabu, juu kidogo ya maji. Siku moja alishuka na mwenzake. Mwenzake akapanda peke yake, akapita njia bila kuaga, na mpaka leo hakuna aliyemwona. Mwili haukuelea. Kaka mkubwa wa mume, ambaye ndiye aliyekuwa balozi wa nyumba kumi pale kijijini, akasema hakuna maiti, hakuna matanga. Wiki zikapita, maneno yakabadilika. Wakaanza kusema kwamba mtu hapotei hivi hivi, mkewe amemfanya msukule, usiku anamlimisha shamba la pamba. Walihesabu mistari ya pamba yake wakasema mwanamke mmoja mwenye watoto watatu hawezi kulima yote hiyo. Na ni kweli alilima yote hiyo. Alikuwa na mikono kama ya mwanamume, hilo ndilo kosa lake.

Kwetu Usukumani neno kama hilo likishatamkwa, mtu hatembei tena akiwa na amani. Yeye alilijua, sisi tuliokuwa pale tulilijua, hata dereva alipunguza kumtazama.

Alichoomba kilikuwa kidogo. Mzamiaji akishuka, atazame. Balozi aliitwa, akaja na wazee wawili, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema neno la mzamiaji ni neno la mtu, na mtu hununulika. Lakini picha hainunuliki. Ikitoka picha inayomwonyesha ndugu yao, wataweka matanga, mwanamke abaki kwenye mji wake na shamba lake, na atakayemwita mchawi atatozwa ng'ombe. Isipomwonyesha, aondoke. Wazee wakaitikia. Mkuu wetu akasema haina shida, kwa sababu alitaka vijana wa kijiji wamsaidie kubeba vifaa bila kunung'unika.

Tangu hapo yule mwanamke hakubanduka kwangu. Mkuu alimwogopesha, mzamiaji alimtania, mimi ndiye niliyekuwa mwanamke mwenzake. Nikifungua sanduku, yuko hapo. Nikifuta kioo, yuko hapo, anauliza kibanio hiki cha nini, mpira huu unatoka wapi, kamera inaonaje gizani. Nilichoka. Siku ya pili alipoanza kulia kimya kimya pembeni yangu, nilimwambia, "Usinililie hapa. Machozi yako yataingia kwenye sanduku."

Dereva alicheka. Yule mwanamke alisogea hatua tatu, akajifuta kwa pindo la kanga, akakaa pale aliposogea. Mchana aliniletea kibuyu kidogo cha samli, amekishika kwa mikono miwili. Akasema mkono mtupu haulambwi. Nikakipokea bila kumtazama.

Sasa nifike kwenye ringi. Nilipoivuta kwenye vidole kule kambini, nilikutana na mkato. Mdogo, wa kucha, upande wa kona. Na niliujua mkato ule ulikotoka. Wiki moja kabla, Shinyanga, pamba ilikuwa imekwisha na nilikuwa na haraka, nikasafisha mfereji kwa wembe bila kuitoa ringi yote. Wembe uliteleza. Nilijiambia haukugusa kitu.

Ringi ya akiba haikuwepo. Grisi nayo ilikuwa imebaki tyubu imekunjwa kama dawa ya meno ya maskini. Niliomba nyingine miezi minne nyuma na mkuu akaniambia nitumie akili. Nikakamua iliyokuwepo, nikafunga, nikazamisha. Karatasi ikatoka na doa la zambarau kwenye kona, pale pale penye mkato.

Hapo ndipo ilipotakiwa niende kwa mkuu niseme sanduku halishuki. Maneno mawili. Tungerudi Shinyanga, ringi ingeagizwa Ulaya, miezi mitano, pengine sita, na mkuu angeandika barua nzuri yenye herufi zilizonyooka kueleza kwa nini kazi za ufundi wasipewe watu fulani. Nilikaa na ile karatasi mapajani nikaichana vipande vidogo. Mficha uchi hazai, tunawaambia wengine.

Nikachukua samli. Nyumbani kwetu samli ilipakwa kila kitu: ngozi ya kulalia, kisigino kilichopasuka, ngoma iliyokakamaa. Nikaipaka ringi yote, na kwenye mkato nikaijaza kwa ncha ya kidole mpaka usionekane. Nikafunga.

Maji ya pipa yalikuwa ya kubadilishwa, na yule mwanamke ndiye aliyeyachota. Safari nne kwa debe kichwani kutoka kisimani, mimi nimekaa kivulini nikimwangalia. Jua lilikuwa la utosi. Nilizamisha, nikaweka mawe, tukakaa wote wawili tukitazama mapovu. Hakuna povu hata moja. Nikatoa, nikakausha, nikainamisha, nikafungua. Karatasi ilitoka kavu, mistari yake ya kijivu vile vile nilivyoichora.

Aliuliza, kwa sauti ya chini, kama imekauka. Nikasema kavu. Akakaa chini mavumbini miguu ameinyoosha.

"Basi nitamzika," akasema.

Mtu yeyote aliyewahi kuacha samli nje asubuhi ya baridi anajua inavyokuwa. Mimi nimezaliwa nayo. Lakini nilitaka iwe kavu, na pipa lilikuwa la moto juani, kwa hiyo nikaamini pipa. Shimo lile chini halijawahi kuona jua.

Mzamiaji alishuka kesho yake asubuhi. Kijiji kizima kilikuja. Balozi alikaa kwenye kiti alichobebewa. Mwanamke alisimama nyuma ya watu, amevaa kanga nyeusi ya msiba ambayo alikuwa amekatazwa kuivaa. Tulihesabu dakika kwa saa ya mkuu. Aliporudi juu, alikuwa hataniani tena na mtu. Alituita mimi na mkuu nyuma ya Landrova, akavua glovu, akasema amemwona. Chini ya ngazi ya pili, gogo limemwangukia kiunoni, viatu vya mpira mguuni, mkanda wa kitambaa chekundu. Amempiga picha sita, na moja karibu kabisa na uso. Kumtoa peke yake hawezi. Halafu akanipa sanduku, akasema mbona lilikuwa zito wakati wa kupanda.

Nililitikisa nikasikia maji yanacheza ndani.

Nilifungua hapo hapo, sikuwa na pa kujificha. Samli ilikuwa imeganda punje punje nyeupe kuzunguka ringi nzima, na kwenye mkato kulikuwa wazi. Kamera ilikuwa inaogelea. Mkuu aliinama, akagusa zile punje kwa kidole, akakinusa.

"Samli," alisema.

Hakunitukana, hakupaza sauti. Alifuta kidole kwenye leso yake akaikunja na kuirudisha mfukoni, na tangu dakika ile nikawa mikononi mwake. Alimgeukia mzamiaji akamweleza kwa upole kwamba akitaja maiti, polisi watafunga shimo, ripoti italala mwaka mzima, na malipo yake yatalala nayo. Kabla ya mchana dereva alikuwa ameshamchukua kumrudisha Mwanza. Watu wakaambiwa picha zinasafishwa Shinyanga, wasubiri. Kijana alipopita karibu na yule mwanamke aliinamisha kichwa akakazana kutembea.

Ningeweza kumwambia. Nilikuwa na jioni nzima, alikuja kunisaidia kufunga mizigo. Alikunja turubai langu, akalifunga kamba, akanitakia safari njema.

Chumba cha giza Shinyanga, filamu ilitoka tupu, maji yamechubua kila kitu. Filamu tupu ukiichapa inatoa karatasi nyeusi. Nilimwonyesha mkuu nikidhani atasema tuitupe. Akaniagiza nichape sita, kubwa, za kung'aa. Nilimuuliza za nini. Akasema wateja wameahidiwa picha. Nikachapa.

Walikuja kwa basi: balozi, wazee wake wawili, na mwanamke nyuma yao. Wao walipewa viti, yeye alisimama mlangoni. Mkuu akazipanga zile picha mezani moja moja, nyeusi tii, akaegemea kiti. Balozi alizichukua akazipeleka dirishani, akaigeuza kila moja, akaitazama kwa ukaribu kisha kwa umbali, bila haraka, mtu makini. Akamuuliza mkuu maana yake. Mkuu akasema yeye ni mtu wa mawe, mwenye kamera ni huyu dada hapa, aulizwe yeye.

Sijamsamehe kwa hilo, na yeye si wa kusamehewa na mimi.

Balozi akanigeukia. Alikuwa na adabu, naweza kuapa. Akasema, "Dada, wewe ndiye mwenye kamera. Kamera ilimwona ndugu yetu, au haikumwona?"

Nilimtazama mwanamke mlangoni. Alitikisa kichwa kidogo, kunitia moyo, vile unavyomfanyia mtoto anayesimamishwa mbele ya darasa. Nikafikiria taipureta. Hayo ndiyo niliyofikiria, sitawadanganya kwamba niliogopa polisi au niliwaza watoto wangu, ambao hata sikuwa nao. Nilifikiria nimekaa tena kwenye kile kiti kifupi, wale wengine wanapita wakicheka.

"Haikumwona," nikasema.

Neno lenyewe lilikuwa la kweli, ndiyo ustadi wake. Balozi alishukuru, akazikunja picha zote sita akaziweka ndani ya koti. Wazee wakashukuru. Walipotoka mwanamke alibaki nyuma kidogo, akanishika mkono, akaniambia labda maji yalikuwa machafu. Alikuwa anatafuta udhuru kwa ajili yangu.

Walimfukuza wiki ile ile. Watoto nao hawakuwataka, walisema damu ya mchawi iende na mchawi. Akarudi kwao Didia, kwa mama yake, akalima huko kama alivyolima kule, na maneno yakamfuata, kwa sababu zile picha nyeusi zilizungushwa mnadani watu wakazishika kwa mikono yao. Kamera ya serikali imetazama mpaka chini, hakuna mtu. Msukule. Kabla ya mavuno kuisha, wanaume wawili walimkuta njiani akitoka shambani, mchana mweupe. Sitaeleza panga.

Mimi nilisikia Ngokolo, mtaani kwetu Shinyanga, nikiwa napimiwa mkaa. Jirani yangu mmoja mwenye shangazi Didia alikuwa anamsimulia muuza mkaa, na muuza mkaa aliuliza tu kama huyo marehemu alikuwa na macho mekundu, kisha akanipa chenji.

Nilikwenda siku ya tatu. Kwa nini nilikwenda, sijui. Dhamiri yangu haikuwa na mazoea ya kunituma mahali. Matanga yalikuwa madogo, watu wanaogopa kukaa matanga ya aliyeitwa mchawi. Mama yake alikuwa kikongwe mwenye mgongo uliopinda, nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza natoka wapi. Niliposema ofisi ya madini alinishika mikono yote miwili. Akasema ananijua. Binti yake alimweleza habari za dada wa ofisini aliyeangalia sanduku kwa mikono yake mwenyewe nusu siku nzima, hakuacha kitu, ila Mungu hakupenda. Akasema katika wote waliomgeuka, mimi sikumgeuka. Akaniwekea ugali na mlenda mbele, akanawa na mimi, tukala.

Katikati ya kula aliniuliza. Hakuwa ananishuku, alikuwa anataka tu kujua, kama mtu anavyouliza kitu cha mwisho kabla mgeni hajaondoka.

"Wewe ulikuwepo, mwanangu. Mkwe wangu alikuwemo mle?"

Tonge lilikuwa mkononi. Ningeweza kusema haikumwona, lilikuwa limeshazoea kunitoka. Sijui ni nini kilichonishinda. Labda mlenda ule, labda jinsi alivyosogeza bakuli upande wangu ili nichovye vizuri.

"Alikuwemo, mama."

Aliacha kutafuna. "Ulijua lini?"

"Siku ile ile."

Nilisubiri anipige. Ningeshukuru. Nilisubiri apige yowe waje majirani. Alinawa vidole vyake polepole, akajifuta, kisha akageuza uso kuelekea nyuma ya nyumba akawaita wajukuu zake. Wakatoka watatu, wamenyolewa vichwa kwa msiba, mkubwa amembeba mdogo mgongoni.

"Njooni mumsalimie mgeni," akawaambia. "Huyu ndiye aliyekuwa anajua baba yenu yuko wapi."

Walikuwa wamelelewa vizuri. Mkubwa alimteremsha mdogo, akapiga goti mbele yangu kwanza yeye, akafuata wa pili, na yule mdogo akasukumwa kidogo begani mpaka akaligusa goti langu. Shikamoo. Shikamoo. Shikamoo. Salamu ya mtoto haikataliwi, na bibi yao alikuwa ameketi pale pale akiningojea, kwa hiyo nikaitikia marahaba mara tatu.